Waliokuja Kutazama Nyumba

Haya, turudi pale pale mlangoni, maana wapo walionisimamisha sokoni wiki hii kuniuliza kama Anicet bado yuko nje au ameshaingia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekamatwa na mkono mwingine, mnene, uliotokea kwenye upenyo wa mlango wa kijani. Na sauti nyuma ya mlango huo ilikuwa imesema:

"Hatimaye mmefika!"

Basi Anicet akavutwa ndani, jogoo wake kwapani. Rafiki yake Malale akafuata bila kuvutwa na mtu, shingo kaipinda, anatazama matao ya baraza. Komeo likalia nyuma yao.

Kama ndiyo kwanza umeshika gazeti hili, nikueleze upesi. Anicet ni mkulima wa tumbaku kutoka Katumba, mchumba wa Aline, na hana kosa jingine. Malale ni seremala, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma, na ana ugonjwa usio na dawa: anapenda kutazama nyumba. Padri mmoja mzungu aliyewahi kumpa kazi alimwambia kwamba kwao watu hupanda treni mwisho wa juma, wakaenda mji wa wenyewe kutazama majengo ya zamani na makumbusho, kisha wakarudi makwao bila kununua hata kiberiti. Tangu hapo Malale hakutulia. Akambembeleza Anicet mpaka wakaja Mpanda mjini kutalii.

Tatizo, huku kwetu mtu hasafiri hivi hivi. Mtu husafiri kwa msiba, kwa mgonjwa, kwa harusi au kwa mzigo. Anicet angemwambiaje Mzee Kalisti, baba yake Aline, kwamba anakwenda mjini kutazama kuta? Akaona heri aseme kwamba mjomba wa Malale yu mahututi, amelazwa Mpanda.

Mzee Kalisti alivua kofia kwa huzuni. Kisha akamkamata jogoo wake mwekundu, yule asiye na mkia, akampa Anicet ampelekee mgonjwa akapate mchuzi.

Ndiye huyo jogoo aliyekuwa kwapani. Walizunguka naye stesheni, wakazunguka naye kwenye magofu ya mgodi wa risasi, mpaka mzee mmoja akawaelekeza kwenye nyumba ya mlango wa kijani. Zamani humo alikaa meneja wa mgodi, akasema, na sasa mwenye nyumba ana chumba kizima cha vitu vya kale. Makumbusho kamili! Wakaja. Wakasimama ng'ambo ya barabara, wakaikodolea macho nyumba ya watu, kisha wakavuka mpaka mlangoni, na mkono ukatoka.

Sasa twende ndani.

Sebuleni walikuwa wamejaa. Wazee ndani ya makoti mazito, jua likiwa utosini. Akina mama ndani ya vitenge vya sare. Katikati, chungu cha pombe ya mtama kinatoa povu, na mirija mirefu imesimamishwa ndani yake.

Anicet alipoiona ile mirija, akarudi nyuma hatua moja. Wazazi wake walitoka Burundi na desturi zao kichwani, naye alilelewa humo humo. Alijua kwamba chungu kikishatangulia kukaa kabla ya wageni, basi chumba cha pili kuna binti.

"Amahoro! Amani kwenu!" mwenye nyumba alisema. Huyo ni Mzee Maximilian, mwashi, mwenye ule mkono mnene. "Kumbe bwana harusi mwenyewe ni kijana! Tuliambiwa ni mtu mzima."

"Tena mwembamba," akasema mkewe, Mama Marta, kwa furaha isiyofichika. "Tuliambiwa ana kitambi."

"Mzee, samahani sana," Anicet akasema haraka. "Kuna makosa hapa. Sisi tumepita tu. Tumekuja kutazama nyumba."

Mzee Maximilian akajipiga paja. "Yohani! Umesikia? Wamekuja kutazama nyumba!"

Yohani, mdogo wake, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia siku hiyo. Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. "Ameanza vizuri. Wale wa mwaka jana walisema wanatafuta ndama aliyepotea. Siku hizi kila mtu kapotelewa na ndama. Huyu kaja na nyumba. Hiyo sijapata kuisikia."

Hapo ndipo Anicet alipojua ameingia shimo lisilo na ngazi. Maana kwa watu wake, kumwomba binti moja kwa moja ni ushamba. Msemaji mzuri huzunguka. Atasema anatafuta mbegu, au kivuli cha kupumzikia. Akiulizwa kama ana haja, atakana. Akiulizwa tena, atakana kwa kiapo. Wazee watamsukasuka na yeye atakana mpaka wote wachoke kwa raha, ndipo binti aitwe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kadiri Anicet alivyozidi kukana ndivyo alivyozidi kuposa.

"Wallahi sikuja kuoa," alisema.

"Anaapa!" akina mama wakashangilia.

"Tena kiapo cha Waislamu, na msalaba shingoni," Yohani akaongeza. "Ufundi huo."

"Hata binti mwenyewe simjui!"

"Nani kataja binti?" Yohani aliuliza kwa upole, na sebule nzima ikacheka. Anicet akajiuma ulimi.

Akamgeukia Malale. Kama kuna mtu wa kumwokoa, ni Malale. Si Mrundi, hana habari na mizunguko ya watu hawa, na Wasukuma huongea wazi.

Malale alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti, futi yake ya useremala imenyooshwa, anapima upana wa mlango.

"Malale! Waambie hawa tumefuata nini."

"Tumefuata huu mlango," Malale akasema bila kugeuka. "Mninga mtupu! Na hizi bawaba ni za kijerumani au za kiingereza, mzee?"

"Anapima mlango," Mama Marta alimnong'oneza jirani yake, na mnong'ono wake ulisikika mpaka jikoni. "Anataka kujua kama kabati la bibi harusi litapita. Hao ni watu makini."

Jirani akapiga kigelegele. Mwingine akadakia. Mama Marta akainuka na kumpokonya Anicet jogoo.

"Na zawadi wamekuja nayo! Masikini, hana mkia."

"Mama, huyo jogoo ni wa mgonjwa!"

"Ni wa nani?"

Anicet angemweleza mgonjwa yupi? Jogoo akafungwa kamba mguuni, akawekwa karibu na chungu, pale ambapo kila aingiaye lazima amwone.

"Mzee," Malale alisema, sasa amesimama na kujikung'uta magoti, "tuliambiwa una chumba cha vitu vya kale. Mimi nilikuja hasa kwa ajili ya hicho."

Uso wa Mzee Maximilian ukang'aa. Wageni kuomba kuonyeshwa mali za nyumba kabla ya kunywa! Kweli walilelewa.

Wakaongozwa chumba cha pembeni, msafara mzima nyuma yao. Kwa kweli palikuwa na mambo. Taa za wachimbaji za karabai. Kofia ya chuma iliyobonyea upande mmoja. Kengele iliyowahi kuita watu zamu. Mawe ya madini yamepangwa dirishani, na tofali moja la kuchoma lenye alama ya vidole vya mtu.

"Vidole vya nani hivi?" Malale akauliza, na sauti yake ilishuka kama yuko kanisani.

"Vyangu," alisema Mzee Maximilian.

Hata Anicet akasahau shida yake, akasogea kutazama.

"Mimi sikuja na wenzangu waliokimbia Burundi mwaka sabini na mbili," mzee akasema. "Nilitangulia. Nilikuja kijana, enzi za mgodi, kubeba matofali. Hii nyumba nimeijenga kwa kichwa hiki, tofali juu ya tofali. Ilipokwisha, nikaambiwa nipite mlango wa nyuma. Mgodi ukafa, wenyewe wakaondoka, popo wakahamia. Nimehangaika nayo miaka mingi mpaka imekuwa yangu. Watu wa hapa wanapita kila siku, wanaona nyumba tu. Leo nimechungulia dirishani, naona kijana kasimama barabarani anaitazama nyumba yangu, anaitazama! Hajamwona binti, hajaona chungu. Nikamwambia Marta, huyo ndiye."

Anicet alimpenda yule mzee ghafla, na hilo lilimtisha kuliko vigelegele vyote. Aliyesimama akitazama kwa mapenzi alikuwa Malale. Yeye muda ule alikuwa anatazama pa kujisaidia.

Wakarudi sebuleni. Pazia la chumba cha pili likafunuliwa, akatoka binti na jagi la maji na beseni. Ndiye Providence. Akapiga magoti mbele ya Anicet kumnawisha mikono, kichwa kainamisha kwa adabu inayotakiwa. Kutoka chini ya adabu hiyo ikatoka sauti ndogo kali:

"Kaka, najua wewe siye."

Anicet nusura apige beseni teke. "Basi waambie!"

"Nawa taratibu, wanatutazama. Anayetakiwa kuja ni mchuuzi mmoja wa dagaa wa Ikola, kule ziwani. Baba hajawahi kumwona, walipatana kwa salamu za madereva. Mimi nimemwona sokoni. Ana umri wa baba."

"Pole sana, dada. Lakini mimi..."

"Nimechaguliwa chuo cha ualimu. Jumatatu natakiwa nifike. Baba akipokea neno la yule leo, siendi. Akipokea lako, hatapokea jingine, ni mtu wa neno moja. Kunywa tu. Halafu potea zako, nami nikishafika chuoni nitamwandikia."

"Nina mchumba, jamani!"

"Yuko wapi?"

"Katumba."

"Mbona mbali," alisema Providence, akamkausha mikono kwa taulo, akainuka na kuondoka kwa madaha, na akina mama wakasifia jinsi walivyopatana haraka.

Anicet akafikiri. Akamfikiria Aline, ambaye alimsindikiza mpaka njiani na kumwambia asichelewe. Akamfikiria zaidi baba yake Aline. Mzee Kalisti hakuwa mtu wa kuchezea. Siku alipokubali pombe ya akina Anicet alisema mbele ya watu: "Anayebisha milango miwili hulala nje." Wala hakuwa anatafuta kuchekesha. Mchumba wa binti yake mkubwa alionekana tu akimfungulia msichana mwingine soda harusini. Mzee akarudisha kila kitu jua halijazama.

Hapana. Hapa ni kusema ukweli mtupu, mweupe, hata kama ni ushamba. Anicet akasimama.

"Wazee wangu, nisikilizeni. Sina fumbo. Mimi nina mchumba. Anaitwa Aline. Nimeshapeleka pombe kwao, wazee wameinywa, imekwisha. Mimi ni mkwe wa watu. Siwezi kumposa binti yenu hata kama ni malaika."

Akaketi, jasho linamtiririka. Safari hii hakucheka mtu. Mzee Maximilian aliinamisha kichwa. Mama Marta akaweka mkono kifuani. Yohani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndugu zangu," Yohani akasema kwa sauti nzito, "nimesema posa tangu nikiwa kijana. Nimewasikia watu wa Makamba kule Burundi, nimewasikia wa Rutana. Sijawahi kumsikia mtu akajipa mchumba wa uongo, akampa na jina, ili sisi tumwone ana thamani na tumng'ang'anie. Kijana, nakuvulia kofia."

Sebule ikapasuka kwa vifijo. Mzee mmoja alifuta machozi. "Aline!" akasema. "Jina kalipata wapi upesi vile?"

"Malale!" Anicet akalia. "Sema kitu!"

Malale, ambaye alikuwa amemaliza kuhesabu mbao za dari, akaona kweli rafiki yake ana shida. Akasimama katikati ya chumba, futi mkononi.

"Jamani nyie, huyu hasemi uongo. Sisi ni watalii. Tumepanda lori la mahindi kutoka Katumba kuja kuangalia majengo, basi. Kesho tunarudi."

Yohani akamtazama kwa huruma. "Huyu msindikizaji bado anajifunza," akamwambia kaka yake. "Mtu atoke Katumba na lori la mahindi kuangalia majengo! Fumbo lazima likaribie ukweli kidogo."

"Tumsamehe," alisema Mzee Maximilian. "Ni Msukuma."

Kisha akachukua mrija mmoja, akaufuta kwa kiganja, akauelekeza kwa Anicet. Vicheko vikaisha. Hata jogoo aliacha kupapatika.

"Mwanangu," akasema, "sasa tumecheza vya kutosha. Huu ni mrija wangu. Kama moyo wako haupo hapa, uache, wala sitakulaumu. Nitajua nyumba yangu ilitazamwa na mtu aliyekuwa anapita."

Ulisikia maneno hayo? Hayo ndiyo maneno ya kumwua mtu. Kuukataa mrija wa mwenye nyumba mbele ya ndugu zake ni kumwambia pombe yake ina sumu. Na nyuma ya pazia Anicet aliona jicho moja la Providence, limelowa.

Ndipo shetani akamnong'oneza lile neno ambalo limewaponza wengi: Nani atajua?

Kweli, nani? Katumba ni huko na Mpanda ni hapa. Anyonye funda moja, ashukuru, atoke na Malale kama wanaokwenda kuita wazee wao, wadandie lori la kwanza. Binti aende chuoni. Mzee aandikiwe barua aelewe. Aline asijue kamwe. Hakuna atakayeumia isipokuwa jogoo.

Anicet akainama. Akaushika mrija kwa midomo.

Akavuta.

Vigelegele vilitikisa mabati. Mzee Maximilian alimkumbatia kichwa hapo hapo kwenye chungu, mrija ungali mdomoni, akaita "Mwanangu! Mwanangu!" Yohani akaanza wimbo. Malale, asiyejua kinachoshangiliwa, alipiga makofi naye kwa kuwa ilikuwa nyumba nzuri.

"Hodi!"

Wimbo ukakatika.

"Hodi wenyewe! Amahoro!" Sauti ilikuwa nje, mlangoni, sauti nene iliyozoea kusikilizwa. "Fungueni, tumetoka mbali. Tumepotelewa na mbegu, tumeambiwa imeota kwenye ua huu."

Yohani akakunja uso. "Huyo naye ni msemaji. Tena mkubwa."

Anicet hakukunja uso. Anicet alikuwa ameganda. Sauti ile aliifahamu. Aliisikia kila Jumapili baada ya misa. Kama kuna mtu ndani ya Katumba anayeitwa kila posa, mpaka na watu wa ziwani, aende akawasemee, ni mmoja tu.

Mama Marta akavuta komeo. Mlango wa kijani ukafunguka, na Malale, fundi mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa jinsi bawaba zilivyo kimya.

Akaingia kwanza mtu mwenye kitambi, koti jeupe, harufu ya dagaa ikimtangulia. Nyuma yake akaingia Mzee Kalisti, fimbo mkononi, kofia kichwani, hotuba mdomoni. Hotuba hiyo haikutoka.

Alimtazama Anicet. Akautazama mrija. Akashuka taratibu mpaka chini ya chungu, akamtazama jogoo mwekundu asiye na mkia. Jogoo alimtambua bwana wake, akawika.

"Anicet, mwanangu," Mzee Kalisti akasema kwa upole wa kutisha. "Mgonjwa anaendeleaje?"

Anicet alitaka kujibu. Pombe ikapita njia ya pumzi, akaanza kukohoa. Badala yake akajibu Mzee Maximilian, aliyekuwa bado amemkumbatia kichwa, macho yamejaa machozi ya furaha.

"Mgonjwa? Ndugu yangu, hapa hakuna mgonjwa. Karibu ukae, unywe nasi. Huyu ni mkwe wangu!"

Mzee Kalisti akavua kofia.

"Ajabu," alisema. "Hata mimi, huyu ni mkwe wangu."